Kampuni Saba za Mjomba Vitasa

Mjomba wangu mkubwa ni fundi wa kufuli, ndiyo maana ukoo mzima tunamwita Mjomba Vitasa. Ncha za vidole vyake ni nyeusi mwaka mzima. Kitasa kikigoma hakipaki mafuta, maana mafuta hukusanya vumbi; hukipulizia unga wa kinywe, kitu kile kile cheusi kilicho katikati ya penseli, na ufunguo unazunguka bila kelele. Aliposikia redioni kwamba madini ya kinywe sasa yanasakwa dunia nzima kwa ajili ya betri za magari ya umeme, alifurahi kama mtu aliyeambiwa mtoto wa jirani yake kawa waziri.

Wakati huo bibi alikuwa amefariki na nyumba yake imeuzwa. Watoto wake watatu wakakubaliana fedha zisitawanywe hovyo, ziwekwe pamoja mahali zizae. Mjomba Vitasa, mkubwa wao, akasema tununue hisa za kinywe. Mama yangu akasema sawa. Mjomba Lori, kitindamimba, dereva wa safari ndefu asiye na subira hata na taa nyekundu, akasema sawa, ila iwe upesi.

Upesi! Hapo alinoa.

Kila Jumapili mchana tuliitwa sebuleni kwa Mjomba Vitasa. Kazi yangu ilikuwa kumsomea ripoti kwenye simu na kumimina chai. Tulianza na kampuni mbili. Moja ilikuwa inachimba na kuuza tayari, faida yake ndogo lakini ipo. Nyingine ilikuwa na leseni, mashimo ya utafiti, na picha ya mkurugenzi aliyevaa kofia ngumu inayong'aa.

"Kofia hii haijawahi kuona vumbi," alisema mjomba.

Nikadhani mambo yamekwisha. Wapi! Jumapili iliyofuata akaleta ya tatu, yenye chembe kubwa zaidi za kinywe, ambazo huuzwa bei nzuri. Ikaja ya nne, yenye mtambo wake wa kusafishia. Ikaja ya tano, ambayo kila ikiishiwa fedha huuza hisa mpya, "hadi sehemu yako inakuwa chai iliyoongezwa maji." Mimi nilikuwa na maisha yangu ya Jumapili, lakini nani aliniuliza?

"Kaka, amua basi," mama alimwambia.

"Simba mwenda pole ndiye mla nyama."

"Simba wako amelala huyo," Mjomba Lori akadakia.

Siku ya kampuni ya saba Mjomba Lori hakukaa kabisa. Alisimama mlangoni na funguo za gari mkononi.

"Kaka, nakuheshimu sana. Lakini leo taja kampuni, au kila mtu achukue chake, tumalizane."

Mama alitazama sakafu. "Tumalizane" ni neno zito kati ya watu walionyonya ziwa moja.

Mjomba Vitasa akafuta vidole vyake kwa leso, ingawa weusi ule hautoki. "Ya kwanza," akasema. "Ile inayochimba na kuuza. Madeni yake si makubwa, na wanunuzi wake wapo. Nilijua siku ile ile."

"Siku ile ile! Sasa umetuzungusha wiki zote hizi za nini?"

"Mama alipokuwepo mlikuwa mnakuja kwake kila Jumapili bila kuitwa. Tulipomzika nikabaki na sauti zenu kwenye simu tu. Nikaona tukishanunua, basi. Mtakuja kwangu kufuata nini?"

Nilimpenda mjomba wangu wakati ule. Mtu mzima, badala ya kusema nimewakumbuka, anatusomesha ripoti za madini!

Mjomba Lori akajikuna shingo. Kisha akaja akaketi kwa kishindo.

"Hisa hazinunuliwi zikaachwa," akasema bila kumtazama kaka yake. "Zinapanda, zinashuka. Lazima watu wakae wazijadili."

"Kila wiki?" mama akauliza, anacheka huku anajifuta macho.

"Kila wiki. Mimi sitaki kuibiwa."

Tukanunua ile ya kwanza. Hisa zake zimeshuka bei tangu siku hiyo, na Mjomba Lori huzilaani kila Jumapili kwa sauti ya kuamsha mtaa, na ndiye wa kwanza kufika.