Herufi Ndogo za Bibi Chini ya Barua

Siku ya kwanza kazini, Katibu Tarafa alimwambia Bibi: "Binti, mpiga chapa ana vidole, hana mdomo. Nilichoandika ndicho unachochapa." Bibi hucheka akinisimulia. Mimi naandika tu, maana kuongea mbele za watu kunanishinda.

Bibi alianzia kazi Matai, akahamia Laela, akastaafia hapa mjini. Enzi hizo barua ilichapwa kwa mashine, na karatasi ya kaboni katikati ili itoke nakala. Chini kushoto ziliwekwa herufi za kwanza za majina: kubwa za bosi, kisha ndogo za mchapaji, ijulikane nani kachapa. Za Bibi zilikuwa "em".

Kuna kituo kingine cha kazi hataki nikitaje. Hapo alichapa amri ya kuwaondoa wafugaji waliohamia kutoka Usukumani. Koma zote aliziweka mahali pake. Wiki hiyo hiyo nyumba zao zikachomwa moto. Mzee Luhende alikuwa mmoja wao. Sasa ni jirani yetu hapa mtaani Kizwite, hutuletea maziwa, na ile barua bado anayo. Bibi alikuwa hajawahi kumwambia kwamba "em" ni yeye. Akiletewa maziwa, alikuwa hayanywi mpaka mzee aondoke.

Mwezi huu serikali imeamua kuwaomba radhi wafugaji wale. Afisa mmoja kijana alileta rasimu ya barua nyumbani ili Bibi aikague, kwa kuwa anayajua ya wakati ule. Iliandikwa "usumbufu uliojitokeza".

"Usumbufu ni mvua kukukuta njiani," Bibi akasema. "Andika tulichoma nyumba zao."

"Bibi, bosi atanifokea!"

"Afoke. Mimi nilinyamaza miaka yote, unaona nimenenepa?"

Bosi alifoka kweli, lakini akasaini.

Jana barua ilisomwa mkutanoni. Watu walipiga makofi, Mzee Luhende hakupiga. Aliiomba barua, akavaa miwani, akaisoma mwenyewe mpaka chini. Kisha akamgeukia Bibi.

"Wewe mama wa mashine, ile ya kwanza uliweka herufi zako. Hii mbona haina?"

Bibi alishika mkono wangu. "Ulijua?"

"Siku nyingi. Nilikuwa nakusubiri useme."

"Nilichapa mimi, Luhende. Nisamehe."

Bibi akaomba kalamu. Akaandika chini kushoto: em.

"Haya, sasa imekamilika," mzee akasema. "Twende nyumbani kwangu mkanywe maziwa."

Bibi alikunywa palepale mbele yake, bakuli zima. Wakati wa kurudi akaniambia, "Mjukuu wangu, sasa ndiyo nimestaafu." Maziwa yalikuwa yamemganda juu ya mdomo. Niliona haya kumwambia.