Mchicha wa Beseni

"Umeuzamisha mwenyewe, mama. Nilisema maji yaguse ncha za mizizi, sehemu nyingine ipate hewa."

"Mpunga wangu husimama majini tangu kupandikizwa, na haujawahi kudai hewa!"

Huyo alikuwa shangazi yangu wa Mlabani, akimjibu bwana shamba ofisini kwake hapa Ifakara, mikononi beseni la mchicha uliooza. Bwana shamba ndiye aliyemwambia ang'oe bustani yake, apande kisasa, kwenye mabeseni ya maji na mbolea, uani na sebuleni. Shangazi akayajaza hadi ukingoni, kama jaruba la mpunga. Sasa binti yake mjamzito, aliyeambiwa kliniki ale mboga za majani kila siku kwa kuwa damu imepungua, anakula wali mkavu.

"Hii ni sayansi, mama," alisema yule bwana, akipangusa meza.

Shule niliiacha darasa la sita, lakini macho ninayo. Nyuma ya dirisha lake kulikuwa na matuta ya mchicha wake mwenyewe, umenawiri kwenye udongo mweusi. Kumbe sayansi ni ya kupewa sisi tu.

Shangazi naye aliyaona. Akaliweka beseni juu ya mafaili, akageukia mlangoni.

"Kesho asubuhi njoo na jembe lako. Ile bustani uliyoniambia niing'oe, utaipanda wewe."