Mfungo wa Bondia

Watu wakisema mdogo wangu alizaliwa na ngumi, nakasirika. Alizaliwa na mikono mirefu na macho mepesi, basi. Mengine aliyatafuta mwenyewe, akipanda mbio kilima cha Muyenga kila alfajiri wakati sisi wengine pale Kisugu tunavuta shuka. Kwenye ukumbi wa ndondi kule Nakawa walikuwepo wenye vipaji kumshinda, wakalewa sifa na waragi, wakapotea. Yeye hakuacha hata chembe ya alichopewa ipotee.

Mwaka huo pambano la kuwania nafasi kwenye timu ya taifa liliangukia ndani ya Ramadhani. Kocha alimtaka ashuke uzito. Huko chini, alisema, hakuna mwenye mikono ya kumfikia. Kocha huyo mpaka leo siwezi kumtaja kwa wema.

Nyumbani sisi ni Wanubi, na mfungo kwetu hauna mzaha. Mama alifurahi kumwona mwanawe wa ndondi akikonda kwa ibada. Kila jioni wakati wa kufuturu aligusisha tende mdomoni, akasukutua maji, akayatema, akasema atakula baada ya tarawehe. Daku hakuamka. Mama akawatambia majirani: "Huyu ameshika dini kuliko baba yake." Na mimi niliamini. Nyumba nzima imefunga, nani angemshuku mtu kwa kutokula?

Siku ya kupimwa uzito alianguka barabarani akikimbia juani. Mwenye boda aliyemwokota ndiye aliyenipigia simu. Hospitalini muuguzi alimvua sweta, na chini yake tukakuta kavera, mifuko ya plastiki aliyojifunga kifuani na tumboni ili jasho litoke. Daktari alisema figo zimekufa kwa kukosa maji siku nyingi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hata usiku alikuwa hali wala hanywi.

Alifumbua macho kabla mama hajafika.

"Kaka, wewe usiambie mama ile mambo ya kilo," alininong'oneza. "Acha yeye afikiri mimi nilikuwa nafunga tu."

Alikufa kesho yake. Msibani mama alimwambia kila aliyeingia kwamba mwanawe amekufa na saumu yake, na kwamba kifo cha namna hiyo ni cha kushukuru. Kocha naye alikuja, akavua viatu, akaketi mkekani. Mama alimwombea marehemu kwa sauti, mkono wangu ukiwa ndani ya mkono wake. Kocha akaitikia amina. Nami nikaitikia pamoja naye.