Tonge la Al Barsha

Nilitoka Tabora kwa treni nikiwa nimenyoa ndevu. Wakala wa Dar es Salaam alinionya kwenye simu kwamba huko Uarabuni hawataki mlinzi mzee, na mimi nilikuwa naikaribia arobaini, nimeshazunguka Mwanza, Lubumbashi na Maputo bila kutulia popote. Treni ilikufa kabla ya Dodoma, tukashinda porini tukinunua karanga. Dar tulisubiri viza kwenye nyumba ya wakala huko Tandika, wanaume watupu kwenye mikeka, kila mmoja akijifanya Kiingereza chake ni kikubwa kuliko cha mwenzake. Kisha ndege hadi Addis Ababa. Hapo tulikaa sakafuni tukiwa na fulana za njano, ambazo wakala alituvalisha ili mpokeaji atutambue. Abiria walitupita wakitutazama kama timu iliyofungwa. Tulipofika Dubai, mpokeaji hakuzihitaji fulana. Alitazama viatu vyetu, akatuita kwa kidole.

Watu wakisikia nimekaa huko huniuliza waende kuona nini, na chakula kizuri kiko wapi. Nitawaambia, maana milango mingi ya mji ule nimeisimamia.

Kuna mnara mrefu kuliko yote duniani. Unalipa upandishwe juu uone jangwa, ambalo ukibaki chini unaliona bure. Mbele yake kuna maji yanayorushwa kwa muziki, na watu huyapigia makofi kama kwamba maji yana masikio. Pale Al Barsha wamefungia theluji ndani ya duka kubwa. Watoto wanateleza na makoti mazito, na ukutani kwa nje mfagiaji amejibanza kwenye kivuli chembamba kama kamba, anasubiri basi. Kule Ras Al Khor kuna heroe, ndege wa rangi ya waridi, na watalii huenda na darubini kuwatazama. Mimi Ras Al Khor nilipangwa upande wa pili, kwenye mabohari ya vipuri vya magari. Nililinda milundo ya injini zilizong'olewa, kwenye joto ambalo kitasa cha geti hakishikiki bila kitambaa. Heroe niliwaona mara moja, kwa mbali. Walikuwa kama kamasi iliyochanganyika na damu.

Mwaka wa kwanza wote niliuishi kwenye geti lile. Niliota ukungu mimi, jasho likikauka na kulowa tena, na miguu ikavimba hadi viatu vya kampuni vikanibana kwenye mfupa. Kwa hiyo waliponihamishia kwenye mgahawa wa hoteli moja ya Al Barsha, mahali penye baridi na zulia, nilijiapiza kitu kimoja tu: Ras Al Khor sirudi. Na sheria ya kazi yetu ilikuwa fupi. Mlinzi ni wa kampuni, mgahawa ni mteja. Mteja akisema neno moja, "simtaki huyu," unarudi kwenye mabohari. Hakuna anayekuuliza ilikuwaje.

Mgahawa wenyewe watu waliusifu sana. Ulikuwa na tangi la samaki lililoshika ukuta mzima, na wageni walipiga picha na chakula chao kabla hawajakigusa. Kazi yangu ilikuwa kusimama kando ya tangi nisiruhusu watoto kugonga kioo. Kula kwenyewe kulikuwa kwa kuchokonoa. Wanakula robo ya sahani, wanaibua simu, na kinachobaki kinaenda kwenye mapipa. Mimi nilikulia nyumba ambayo punje ya wali ikidondoka mkekani unaiokota. Nilisimama pale nikiwachukia kwa zamu: mchana wazungu waliochomwa na jua, jioni matajiri wenye harufu ya udi, na Ijumaa wote kwa pamoja.

Mwenzangu wa zamu alikuwa Mkenya wa Nakuru, mlokole, mchekeshaji, aliyekaa mlangoni.

"Buda, usiwe unawaangalia hivyo," aliniambia siku moja. "Watadhani wewe ndio utawakula."

"Nimewaangaliaje?"

"Kama mtu amekaliwa na deni. Cheka kidogo. Hapa hata samaki wanachekea customer."

Nikamwambia samaki hawajui wanapelekwa wapi. Akacheka yeye kwa niaba yangu.

Mchana mmoja wa Ijumaa ilikuja familia kubwa, wanaume kwa kanzu nyeupe, wanawake kwa mabuibui, na katikati yao bibi kizee wamemshika mikono. Walikaa meza iliyokuwa karibu na tangi kuliko zote. Walizungumza Kiarabu, sikuwajali. Halafu mjukuu mmoja akamwaga juisi, na bibi akasema, "Ala! Mtoto huyu mikono yake kama ya kukodi."

Kiswahili cha Unguja, safi kabisa. Nadhani niligeuka. Alikuwa ameshaniona.

"Na wewe, mwanangu, mtu wa wapi?"

"Tabora, bibi. Shikamoo."

"Marahaba! Tabora!" Akawageukia wanawe, akawaeleza kwa Kiarabu. Wakaitikia kwa vichwa kwa adabu, wakarudi kwenye simu zao. Ikaletwa sinia ya wali na chewa mzima wa kuchoma. Wengine wakashika uma. Yeye akanawa mkono kwa maji ya chupa juu ya kibakuli, akaanza kula kwa vidole.

"Karibu," akaniambia.

Kila mtu wa kwetu anajua neno hilo linajibiwaje. Anayekula lazima akukaribishe, na wewe lazima useme umeshiba, mambo yakaisha. Nikasema, "Ahsante bibi, nimeshiba. Starehe."

"Umeshiba wapi? Tumekaa hapa tangu saa ile, sijakuona hata kumeza mate. Karibu."

"Nipo kazini, bibi."

Mwanawe mmoja akasema, "Khalas, mama," yaani basi. Hakumsikiliza. Alifinyanga tonge, akaliwekea kipande cha samaki cha tumboni, akaninyooshea mkono mbele ya mgahawa mzima.

"Haya. Au naroga?"

Alisema kwa mzaha, lakini jicho lake halikuwa la mzaha. Kwetu ukimkataa mzee mara mbili bado ni adabu. Mara ya tatu, na tonge likiwa mkononi, umemwita mchawi mbele ya wanawe. Wali ulikuwa umeanza kudondoka kutoka vidoleni mwake. Nilimtazama Mkenya kule mlangoni. Alikuwa akitikisa kichwa, hapana, hapana. Nikainama, nikalipokea kwa mikono miwili, nikala.

Bibi akasema, "Hapo sasa," akaendelea na samaki wake.

Meneja aliona. Alikuwa kijana wa suti ya kubana, na alikuja akitabasamu hadi kwenye meza, akauliza kama kila kitu kiko sawa, sir, kila kitu kiko sawa, madam. Mtoto wa bibi akasema mama amefurahi sana. Meneja akasema ni heshima kwake. Waliletewa tende na halua za bure. Wakati wa kutoka bibi alinishika mkono, akaniombea umri mrefu na kizazi chema. Nilimwitikia amina huku moyo ukitukana. Alikuwa anarudi kwenye nyumba yake na watu wake, hati ya uraia iko mkobani, na mimi alikuwa amenilisha kazi yangu. Nilimchukia mpaka gari lao lilipokata kona.

Meneja alituita nyuma, karibu na mapipa, mbele ya wahudumu wote.

"Umekula chakula cha mgeni."

"Alinipa."

"Mgeni hakupi. Wewe uliomba."

"Sikuomba."

Akasema kwa upole, kama mtu anayenisaidia: "Sikiliza. Sema hapa, wote wasikie: niliomba chakula, sitaomba tena. Halafu yalla, rudi kazini. Usiposema, nampigia arbab wako, bosi wa kampuni, sasa hivi."

Naona hakujua alichokuwa anakitaka. Kwao pengine lilikuwa neno tu. Kwetu mtu anayezunguka kwenye sahani za watu tunamwita doezi, na jina hilo likikuganda halitoki. Watoto wako wanaitwa hilo, mke wako anaimbiwa hilo kisimani. Baba yangu alikuwa akisikia vyombo vinagongana kwa jirani anageuza njia, hata kama alikuwa anapeleka habari ya msiba, asije akaonekana amelenga chakula.

Mkenya alinivuta shati. "Buda, ni sentensi moja. Mimi nimeshasema mabaya kuliko hayo kwa pastor. Sema, tuende."

"Sema wewe."

"Sio mimi nilikula!"

"Basi nyamaza."

Nikamtazama meneja, nikasema kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne, polepole ili nisikosee: "Mama yule alinikaribisha. Mimi sikuomba." Msichana mmoja wa Uganda aliyekuwa mhudumu akainamisha macho chini. Meneja akatoa simu.

Mtu wa kampuni alinisubiri kambini tulikolala walinzi. Alikuwa amechoka, hakutaka hadithi. Kesho Ras Al Khor, akasema, kwenye geti lilelile. Nikamwambia siendi. Akaniambia basi ni kufuta viza na kwenda kwetu, na nisifikirie kampuni nyingine itanichukua. Nikamwambia khalas, futa. Alinitazama kwa mara ya kwanza, kwa mshangao, kama geti limemsemesha.

Siku za kungoja tiketi Mkenya alinihurumia. Alisema siwezi kurudi nyumbani sijapanda mnara, watu wataniona mwongo. Akanipeleka hadi chini yake siku yake ya mapumziko. Nilitazama juu mpaka shingo ikauma, nikamwambia twende. Tulikwenda Al Mankhool, kwenye chumba cha mama mmoja wa Uganda aliyepika matoke na maharage kwa siri, watu wakikaa kitandani na kwenye ndoo zilizogeuzwa. Mkiniuliza chakula kizuri cha Dubai, ndicho hicho, na hata hicho chumvi ilizidi.

Asubuhi ya safari alinisindikiza hadi kwenye basi la kampuni. Alibeba begi langu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Umetuharibia, unajua?" akasema. "Meneja ameweka amri mpya. Sasa walinzi wote wa ndani tunasimama tukiwapa wageni mgongo. Hakuna kuangalia meza, hakuna kuangaliwa."

"Siku nzima?"

"Siku nzima. Jana mama mmoja aliniambia excuse me mara nne. Nimesimama tu kama mlingoti."

"Ulimjibu nini?"

"Nilijibu ukuta."

Alitaka nicheke. Nikachukua begi langu, nikapanda. Mtu wa kampuni alikuwa kiti cha mbele na pasi yangu mfukoni mwa shati, nayo hakunipa mpaka tulipofika uwanja wa ndege, kwenye meza ya uhamiaji. Wakaigonga muhuri. Nikaingia ndani, na mji ule sijaukanyaga tena.