Dawa Iliyobaki Kwenye Friji

Miaka ile ya tisini nilikuwa mhudumu wa vyumba katika hoteli moja mjini Arusha. Wajumbe wa Burundi walipokuja kwa mazungumzo ya amani, baadhi yao walilala kwetu. Nchi yao ilikuwa imewekewa vikwazo na majirani, sisi tukiwamo. Bidhaa hazikuvuka mpaka. Wakubwa walivuka, kwa ndege yenye kibali maalumu, wakarudi kwao na masanduku yaliyojaa vitu vya madukani kwetu.

Katika mtaa wa Ngarenaro nilipanga chumba jirani na dada Mrundi, fundi cherehani. Mama yake alibaki Bujumbura, mgonjwa wa kisukari. Tuliambiwa dawa zimeruhusiwa kupita, lakini hospitali ya kule hazikufika.

Nikamwambia, "Dada, kuna mheshimiwa wa serikali yenu anatafuta fundi wa kumpunguzia suti. Njoo umwombe."

Alikuja. Huku akimpima kiuno, akamweleza habari za mama yake kwa Kirundi. Yule bwana akalipokea kwa mikono miwili boksi la insulini, dawa ya kisukari ambayo dada aliinunua mjini, akanigeukia na kusema kwa Kiswahili, "Nitamfikishia mwenyewe." Dada akamrekebishia suti bure.

Walipoondoka niliingia kusafisha. Boksi lilikuwa kwenye friji, nyuma ya chupa za bia, halijaguswa. Vitu alivyonunua mjini hakusahau hata kimoja. Nililitoa, nikamrudishia dada.

Mama yake alifariki kabla hatujampata mtu mwingine wa kumpelekea.

Kikao kilichofuata yule bwana alirudi, akanisalimu kwa uchangamfu. Sikumpa shikamoo. Nilimwambia mama wa yule fundi amekufa.

Akatikisa kichwa. "Unaona? Ndiyo maana tunawaomba mwondoe vikwazo."

"Dawa uliiacha kwenye friji, mheshimiwa."

"Vikwazo vimewaua wengi, binti."

"Huyu umemuua wewe."

Niliyasema hayo kwenye korido, watu wakisikia. Meneja akanihamishia kufulia siku hiyohiyo.

Viongozi wetu nao siwasamehe. Walimfungia mgonjwa mlango, wakamwachia wazi mkubwa aliyestahili kubanwa, kisha wakakaa naye mezani wakamwita ndugu. Nilipiga pasi mashuka yao wote. Jioni redio ilitangaza kwamba mazungumzo yanakwenda vizuri. Niliizima, nikachukua shuka jingine.