Sangala ya Wahindi

Vumbi la mbao lina harufu yake, na kitunguu kinachokaangwa kwa samli kina yake, lakini vikikutana huzaa harufu ya tatu ambayo sijaikuta penginepo isipokuwa katika karakana ya mbao ya Bwana Jaswant, mtaa wa Nyamityobora, mjini Mbarara. Ilikuwa harufu tamu na kavu, ya kuwasha pua kidogo, na ilituingia kwenye nguo kiasi kwamba niliporudi Nakivale baada ya likizo binamu zangu walininusa shingoni wakaniambia nanukia pesa. Mama alikuwa mpishi wa nyumba hiyo. Tulikuwa tumetoka Kivu ya Kusini, kando ya Ziwa Tanganyika, mimi nikiwa mgongoni mwake. Tukapewa kiwanja na turubai katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, tukalima mahindi na maharage mpaka Mama akachoka kubembeleza mvua, akaenda mjini kutafuta jiko la mtu wa kumlipa. Mimi nilibaki kwa mjomba nikisoma katika darasa ambalo waliowahi walikalia matofali na waliochelewa walikalia udongo. Likizo zilipofika nilimfuata Mama, nikalala naye katika chumba cha nyuma ya karakana, na asubuhi nikaamshwa na msumeno.

Likizo ninayoisimulia, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, ilikuwa likizo ya harusi. Simran, binti wa Bwana Jaswant, alikuwa anaolewa na kijana wa Jinja. Bibi yake, ambaye nyumba nzima ilimwita Biji, aliapa kwamba ndoa itafungwa Mbarara, katika gurdwara, nyumba ya ibada ya Masingasinga, mahali palepale alipoolewa yeye miaka mingi kabla Wahindi hawajafukuzwa nchini. Walipokuwa ugenini nyumba ile iligeuzwa ghala la saruji. Waliporudi walirudishiwa kuta, paa linalovuja, na ukimya, kwa sababu Masingasinga waliobaki Mbarara wangeenea kwenye gari moja. Bwana Jaswant hakuwa na budi kuezeka upya kabla hata ya kununua maua. Chakula akamkabidhi Mama, na hapo ndipo maisha yangu yalipoingia kwenye bajeti ya watu wengine. Alimwahidi mbele yangu kwamba chakula kikienda vizuri atampa chumba cha mbele, kile kinachotazama barabara, afungue hoteli yake ndogo ya chakula. Hoteli ingekuwa na chumba cha kulala nyuma yake. Mimi ningehamia shule ya mjini, yenye madawati. Usiku huo nililichora dawati langu kwa kidole kwenye vumbi la mbao, nikalitilia hata kishimo cha kuwekea kalamu.

Kila jioni walikaa barazani kupanga bajeti, na kila jioni bajeti iliinuka ikiwa ndefu kuliko ilivyokaa. Ndugu wa bwana harusi walitaka aje amepanda farasi, kama ilivyo desturi. Farasi katika nchi ya Ankole! Mchukuzi mmoja wa mbao alijitolea kuleta fahali wa mjomba wake, mwenye pembe zisizopita mlangoni, na Bwana Jaswant alimtazama kwa muda mrefu kama mtu anayelifikiria jambo hilo kweli. Halafu kulikuwa na kitabu. Kitabu chao kitakatifu hakibebwi kama vitabu vingine. Wanakiheshimu kama mwalimu aliye hai. Kilipaswa kutoka Kampala kwa gari lake, kikiwa kimebebwa kichwani na mtu aliyeoga na kujitakasa, na kikifika kilale katika chumba chake, juu ya kitanda chake, chini ya kitambaa cha hariri. Mama alisikiliza habari hizo akiwa amesimama na birika la chai mkononi.

"Kitabu kiko na kitanda," aliniambia tuliporudi chumbani. "Na miye nalala na mutoto pa godoro moya, na mutoto anapiga mateke."

Lakini farasi na kitabu vilikuwa mambo mepesi. Kilichomla Bwana Jaswant mpaka akawa anasugua kilemba chake kwa viganja ni hesabu ya wageni.

"Biji, watu ngapi?" alimuuliza mama yake kwa Kiswahili, ili Mama naye asikie.

"Yote," alisema Biji.

"Yote si namba."

"Gurdwara hapana uza tiketi. Mtu nakuja, mtu nakula."

"Nipe namba, Biji! Mimi nanunua unga kwa kilo, sinunui kwa yote!"

Mama hakuwa upande wa yeyote kati yao. Wote wawili aliwaona wamepungukiwa. Kwetu harusi haifanyiki bila komite, na komite haiwi komite bila prezida, makamu, mweka hazina na mtu mmoja mkali wa kusimama mlangoni na kadi. Mwenye kadi anaingia. Asiye na kadi anasimama dirishani na kusifu nyimbo. "Harusi bila komite," alimwambia Biji kwa upole, akimwongezea sukari, "hiyo ni kilio, mama yangu. Kwa kilio njo batu banakuya bila kuitwa." Biji alicheka mpaka chai ikamwagika, na hakubadilisha neno lake hata moja.

Sasa, katika vikao hivyo kulikuwa na neno lililorudi kila baada ya sentensi mbili. Biji alikuwa hana meno ya mbele, na alisema upesi. Lilikuwa neno la chakula, hilo lilieleweka. Lilikuwa la watu wote, hilo nalo lilieleweka. Mama alilisikia "sangala", na mimi niliyekaa kwenye ngazi, nikiilinda ile ahadi ya shule yangu kwa masikio mawili, nililisikia "sangala" pia. Mtu aliyezaliwa kando ya Ziwa Tanganyika hawezi kulisikia vingine. Sangala ndiye samaki wa harusi zetu, samaki wa wakwe, mwenye nyama nyeupe inayoachia mfupa wenyewe bila kugombana. Mama hakuwa amemla tangu tuvuke mpaka. Alipomsikia bibi yule wa Kihindi akisema sangala iwe ya watu wote, hata wa barabarani, macho yalimlowa.

Alijitahidi kuwa mwangalifu, lazima niseme hivyo. Alimwendea Bwana Jaswant peke yake, akamuuliza kama ni kweli, maana ni gharama.

"Gharama gani?" Bwana Jaswant alishangaa. "Ile ni mboga tu, mama. Mboga tu! Wewe usiniongezee presha."

Alikuwa na maana ya majani na nafaka: hakuna nyama, hakuna samaki, hakuna yai. Lakini kwetu mboga ni chochote kinachokaa kando ya ugali, awe samaki, iwe nyama, liwe sombe la majani ya muhogo. Mama alirudi jikoni akitikisa kichwa kwa jinsi matajiri wanavyosema. Sangala, mboga tu!

Alichukua pesa ya chakula, akapanda gari mpaka Nakivale kwa Mama Furaha, jirani yetu mfanyabiashara wa samaki. Mama Furaha alimcheka. Sangala, huku? Kisha akapata suluhisho. "Si tutabapatia mputa! Mputa na sangala ni ndugu, balipotezana tu mu njia." Mputa ndiye samaki mkubwa mweupe wa Ziwa Victoria, na Mama akaona sawa. Sisi sote tulikuwa ndugu waliopotezana njiani.

Siku moja kabla ya harusi, mchana, pikapu ilisimama kwenye lango la gurdwara. Mama Furaha alikuwa amekaa mbele kama balozi, na nyuma, juu ya magunia yaliyofunikwa majani na yanayotiririka maji ya barafu, walikaa wanawake wa kwaya yetu waliokuja kusaidia kupara magamba. Harufu ilishuka kabla yao. Biji alikuwa ameketi kivulini akichambua dengu kwenye ungo. Aliinua uso.

"Nini hii?"

"Sangala, Biji," alisema Mama, akiwa amefunga kitenge chake kipya. "Ya batu bote, vile ulisema."

"Langar!"

"Njo hiyo. Sangala."

"Lan-gar!"

"Sa-nga-la!"

Wangeendelea hivyo hadi leo kama Simran asingetoka ndani, mikono yote miwili imepakwa hina mbichi, ameinyoosha mbele yake asiguse kitu. Alieleza polepole, kama anayesoma hukumu. Langar ni karamu ya gurdwara, ambayo mtu yeyote hukaribishwa, wa dini yoyote, na ili pasiwe na wa kushindwa kula, hakuna nyama wala samaki anayepita lango lile. Mama aliyatazama magunia. Mimi nilimtazama Mama. Bwana Jaswant alifika, akanusa, akaelewa, akakaa juu ya rundo la mabati yaliyobaki.

"Nimeezeka nyumba," alisema, bila kumwambia mtu. "Nimelaza kitabu. Nimekosa farasi. Sasa samaki."

Pesa ya unga, dengu, samli na maziwa ilikuwa mle kwenye magunia, ikidondoka matone barabarani. Biji peke yake hakulalamika. Alimtuma mwanawe dukani kukopa unga na dengu, akaamuru pikapu ihamie ng'ambo ya barabara, ndoo za maji na sabuni ziletwe, wanawake wanawe mikono mpaka kwenye viwiko, wavue viatu na wafunike vichwa, kwa sababu Masingasinga wa Mbarara walikuwa wachache na chapati zilikuwa za watu wote. Mama Furaha, kichwa kimefunikwa na unga ukiwa tayari kwenye nyusi, aliuliza nani atalipa kazi hiyo.

"Langar hapana lipa," alisema Biji. "Mtu napika, mtu nakula."

"Yaani tulikuya kuuzisha, na sasa tunatumika bure?" Mama Furaha aligeukia Mama. "Weye! Fasi gani ulinileta?" Alisukuma chapati kwa hasira mpaka jua likazama, na lazima nikiri kwamba hasira ile ilizifanya nyembamba na nzuri sana.

Kesho yake, wakati Simran na mumewe wakikizunguka kitabu kile polepole na nyimbo zao zikipanda kwenye mabati mapya, Mama alikuwa kwenye barabara ya Masaka akiwauzia madereva wa malori mputa kwa bei ya kutupa, kabla hajaharibika. Mimi nilikula langar. Tuliketi chini kwenye mkeka mrefu, wote kwa usawa mmoja: wakwe wa Jinja, wachukuzi wa mbao, waendesha bodaboda, ndugu wa wagonjwa kutoka hospitali ya Ruharo waliofuata harufu. Bwana Jaswant alisimama mlangoni akihesabu vichwa, kisha nikamwona anaacha. Dengu iliisha, ikapikwa nyingine. Ilikuwa tamu, na kila tonge lilinikera, kwa sababu nilijua linatoka kwenye dawati langu.

Jumatatu Bwana Jaswant alimwita Mama. "Ile chumba ya mbele," alisema, si kwa ukali, "samaki imekula." Alimpangisha muuza matairi ili arudishe hasara. Mama alibaki mpishi, mimi nikarudi Nakivale kwenye tofali langu, nikiwa nimemkasirikia Mama, Biji aliyekosa meno, na lugha hii inayojifanya ni moja.

Miaka mingine ilipita kabla Mama hajarudi Nakivale na kuanza kuuza chakula sokoni, dengu ile ile ya Biji, yenye tangawizi na samli. Mama Furaha alikuwa amekwisha kukisambaza kisa, na watu hawakuiita dengu. Waliiita sangala ya Wahindi. Juzi nilimsikia kijana ambaye hajawahi kuliona Ziwa Tanganyika wala kumwona Biji akiagiza: "Mama, sangala ya Wahindi na chapati mbili."

Mwezi ujao ninaolewa mimi. Komite inakutana Mbarara, katika ukumbi wenye viti vya plastiki na feni. Tuna prezida, makamu, mweka hazina, na tayari tumemchagua mkali wa mlangoni. Mpishi anatoza kwa sahani, ukumbi unatoza kwa kiti, kadi zinachapwa kwa idadi, na simu yangu imejaa ndugu wanaouliza kwa nini hawamo. Nimeandika majina, nimekata majina, nimelia kwa ajili ya majina. Kikao kilichopita Mama alisikiliza hadi mwisho, kisha akaomba neno. Alisema tuweke sufuria la sangala ya Wahindi kwenye lango, kwa wasio na kadi.

Mweka hazina aliinua kalamu. "Ya watu wangapi, Mama?"

"Bote," alisema Mama.

Nami, bibi harusi, niliyekula ile karamu chini kwenye mkeka pamoja na mji mzima, nilijisikia nikipiga meza kwa kiganja na kupaza sauti: "Mama! Wote si namba!" Mama akanitazama, pua yake ikacheza kidogo, kama aliyenusa vumbi la mbao.