Sufuria Iliyokwisha Kutolewa

Mke wa mmisionari, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, aligawa vyombo vyake vyote wiki ile yeye na familia yake walipoagwa kanisani kwenda ng’ambo. Mimi niliambulia sufuria kubwa yenye mkono uliofungwa waya. Kisha viza ikakwama miezi mitatu, na yeye, mume na watoto wanne wakabaki kwenye nyumba tupu. Basi kila asubuhi alibisha kwa vidole viwili, hata mlango ukiwa wazi.

“Jirani, naomba uniazime sufuria yako.”

“Mama, si yako hii? Kaa nayo, usinichoshe.”

“Nilishaitoa,” alijibu, akicheka mpaka mabega yakatikisika. Aliipokea kwa mikono miwili, kama mgeni anayepewa maji. Jioni ilirudi imesuguliwa inang’aa, nami mwenye mali nilikuwa naisuuza kwa maji tu.

Juzi viza ilitoka. Alikuja amevaa viatu vya safari, akanikabidhi sufuria ingali na uvuguvugu, waya umebadilishwa.

“Asante kwa kuniazima, jirani.”

Niliibandika jikoni, nikachemsha maji ya chai. Baada ya miezi mitatu, ndiyo kwanza nikaiona ni yangu. Nikaisugua.